Sanamu za Wafu: Misri na Pwani Yetu

Mtu akisimama Raskazone wakati wa alasiri, akaelekeza uso kwenye ghuba ya Tanga, hukiona mbele yake kisiwa kidogo chenye miti mingi, kimetulia katikati ya maji. Wenyeji twakiita Toten. Jina hilo si la Kiswahili wala si la Kiarabu. Ni la Wadachi, na maana yake ni wafu. Walipokuja kututawala walikuta huko magofu ya misikiti na makaburi ya watu wa zamani, wakakiita kisiwa cha wafu, nasi tumelishika jina hilo bila ya kuuliza maana yake. Hata rasi yenyewe ina habari zake za mauti. Mwezi wa Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wao wa Kihindi, yaliteremka hapa Raskazone ili kuuteka mji, na wengi katika hao walioteremka hawakupanda merikebu tena.

Tulikuwa hapo siku moja pamoja na wajukuu wetu. Mmoja wao, kijana wa darasa la saba, alikuwa na kitabu cha shule chenye picha ya sanamu ya Misri: mtu ameketi juu ya kiti cha jiwe, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele. Akatuuliza, "Babu, hawa Wamisri walikuwa wakiwazika watu pamoja na miungu yao?" Tukamwambia kwamba sanamu ile haikuwa ya mungu. "Basi ni ya nani?" Ni ya maiti mwenyewe, tukamjibu. Kijana akatutazama kama aliyedhani kwamba twamtania. "Maiti si yumo mle mle kaburini? Ana haja gani ya sanamu yake?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu tulilompa siku ile, maana jua lilikuwa lakaribia kuchwa na wadogo walikuwa wamekwisha choka. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu hapa kwa kituo. Wengi wetu, wakubwa kwa wadogo, tumezoea kudhani kwamba kila sanamu iliyotoka Misri ya kale ilikuwa ya kuabudiwa. Twazisikia habari za Firauni na Nabii Musa, amani iwe juu yake, kisha twaona tumekwisha yajua yote ya nchi ile. Kumbe zile sanamu za makaburini zilikuwa na kazi nyingine kabisa, na mtu akiifahamu kazi hiyo hufahamu pia mambo fulani yaliyo karibu na nyumbani kwetu kuliko anavyodhani.

Wamisri wa kale waliamini kwamba ndani ya mtu mna kitu walichokiita ka, nguvu ya uhai aliyozaliwa nayo, iliyo kama pacha wake. Mtu akifa, ka haifi. Lakini yahitaji mahali pa kukaa, tena yahitaji kula. Makao yake ya kwanza ni mwili, na hii ndiyo sababu ya kushughulika kwao kukubwa na maiti: kumtoa matumbo, kumkausha kwa magadi, kumzonga vitambaa, kazi ambayo pamoja na ibada zake ilichukua siku 70. Hata hivyo walijua kwamba mwili waweza kuharibika, au kuungua, au kuburutwa nje na wezi. Basi wakaweka akiba. Walichonga sanamu ya jiwe au ya mti mgumu, ili ka ikiukosa mwili ipate pa kuingia.

Wala haikuwa lazima sanamu ifanane na mwenyewe kwa sura. Mwenye umri wa miaka sabini alichongwa kama kijana wa thelathini, kifua kipana, tumbo halionekani. Jambo la lazima lilikuwa jina. Jina lilichongwa juu ya kiti au miguuni, na hilo ndilo lililoifanya sanamu kuwa ya fulani na si ya mwingine. Aliyetaka kumdhuru adui yake aliyekwisha kufa hakuhangaika na mifupa, alilifuta jina.

Mahali pa kuyaona haya ni Saqqara, si mbali na Kairo. Huko mfalme Djoser, yapata miaka 2,650 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alijengewa piramidi ya kwanza, ile ya ngazi. Upande wake wa kaskazini kuna chumba kidogo cha mawe kisicho na mlango. Waarabu hukiita chumba cha namna hiyo sardabu. Wachimbuaji walipokifikia katika miaka ya 1924 na 1925 walimkuta Djoser ameketi ndani, wa jiwe la chokaa, ukubwa wa mtu, amejifunika joho. Katika ukuta ulio mbele yake mlikuwa na matundu mawili, yamelingana na macho yake sawasawa. Kwa matundu hayo mfalme alikuwa akitazama nje, na kwayo moshi wa ubani ulimfikia. Alikaa hivyo, peke yake gizani, zaidi ya miaka 4,500. Sanamu yenyewe sasa imo katika jumba la makumbusho la Kairo, na pale pake pamewekwa mfano wake.

Lakini sanamu hata ikichongwa vizuri namna gani ilikuwa jiwe tu mpaka ifanyiwe ibada ya kufunguliwa kinywa. Kuhani aliigusa mdomo na macho kwa vyombo maalumu, na kimoja katika hivyo kilikuwa tezo, chombo kile kile ambacho fundi wa mashua wa hapa Tanga hukitumia kuchongea mbao za jahazi. Aliyekwisha fanyiwa hivyo, maiti au sanamu, aliweza kuona, kupumua, kusema na kula.

Kuna kisa kimoja ambacho hatuwezi kukipita. Mwaka 1860 wafanyakazi wa Mfaransa Auguste Mariette walikuwa wakichimba huko huko Saqqara. Wakatoa mchangani sanamu ya mti ya mtu mnene, kichwa kimenyolewa, macho yametiwa kito kiangazacho na ukingo wa shaba. Fallahi wale, Waislamu wa kijiji cha karibu, walipomwona walipiga kelele: "Sheikh al-Balad!" Yaani mzee wa mji. Alifanana mno na jumbe wao wa pale kijijini. Jina lake hasa ni Ka-aper, naye alikufa miaka zaidi ya 4,000 kabla ya hao waliomtambua kuzaliwa. Lakini hata leo duniani kote ajulikana kwa jina la Sheikh al-Balad. Miaka kumi na moja baadaye, huko Meidum, zilifunguliwa sanamu za bwana mmoja aitwaye Rahotep na mkewe Nofret. Yasemekana mchimbaji wa kwanza aliyeingia na mshumaa aliyaona macho yao yakimmetea gizani, akatoka mbio. Hatumcheki. Waliozitengeneza walikusudia hivyo hasa, kwamba mtu akiingia adhani mna walio hai.

Tumesema kwamba ka yahitaji kula. Hapa ndipo palipokuwa na taabu kubwa. Ndugu wa marehemu walipaswa kuleta mikate, nyama na pombe kila siku kuu. Matajiri hawakuwaamini watoto wao kwa hilo, nasi twakiri kwamba walikuwa na sababu. Walitenga mashamba, mapato yake yalipe makuhani wa kulihudumia kaburi daima. Sisi tungesema waliweka wakfu. Lakini vizazi vilipita, mashamba yakagawanywa, makuhani wakapata tajiri mwingine aliyekufa karibuni zaidi. Wamisri waliyaona hayo kwa macho yao, wakaanza kujihami. Walichora chakula ukutani, ili picha ishike mahali pa chakula chenyewe kitakapokosekana. Baadaye walitengeneza vijumba vya mti pamoja na watu wake. Mwaka 1920, karibu na mji wa kale wa Thebes, lilifunguliwa kaburi la waziri aitwaye Meketre, na ndani ya chumba kimoja mlikuwa na shughuli za nyumba nzima: waokaji mikate, wachinjaji, wafumaji, ghala ya nafaka na makarani wake, ng'ombe wakihesabiwa mbele ya bwana, mashua na makasia. Watoto wetu wangevidhania vitu vya kuchezea. Lilikuwa jambo zito: mtu aliyetambua kwamba watu watamsahau, akajitengenezea watu wa mti ambao hawatamsahau.

Kutoka hapo hatukosi kufika kwenye vile vijisanamu vinavyojulikana kuliko vyote, ushabti. Hivi ni vidogo, kimo cha kiganja au zaidi kidogo, vimefungwa mfano wa maiti, mikono kifuani, na mara nyingi vimeshika majembe. Wamisri walidhani kwamba huko akhera kuna mashamba, na mashamba yahitaji kulimwa, kunyweshewa na kuondolewa mchanga. Bwana aliyekuwa hajashika jembe maisha yake yote hakupenda kulishika baada ya kufa. Basi alizikwa na ushabti, na juu ya vijisanamu hivyo yaliandikwa maneno ya kuviamuru kwamba bwana akiitwa kazini, viitike badala yake. Jina lenyewe, jinsi walivyolifahamu Wamisri wa zama za mwisho, ni mwenye kuitika. Mtoto wa pwani akiitwa na mzazi wake husema "Labeka!" Basi ushabti ni labeka ya jiwe.

Mwanzo mtu alitosheka na kimoja au viwili. Baadaye vikawa 401: mmoja kwa kila siku ya mwaka, ndio 365, na wasimamizi 36 wa kuwaangalia wasivivie. Tutankhamun, mfalme kijana ambaye kaburi lake lilifunguliwa na Howard Carter mwezi wa Novemba 1922, alikuwa navyo 413. Twaona ajabu kwamba hata katika pepo waliyojiwazia walishindwa kuwaza mahali pasipo na mnyapara.

Ni dhahiri kwamba sisi Waislamu hatuyafuati haya. Maiti wetu huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa katika mwanandani ameelekea kibla, tajiri na maskini hali moja. Hatumpi jembe wala mkate, wala hatumtilii mwakilishi. Twajua kwamba kinachomfuata ni amali yake, na kwamba kilichobaki duniani kikamfaa ni kheri aliyoianzisha na ikaendelea, elimu aliyoiacha, na dua ya mtoto aliyemlea vyema. Hayo kila msomaji wa ukurasa huu ameyasikia tangu chuoni. Tunayataja kwa sababu kijana akiyajua haya peke yake aweza kuingiwa na dharau, nayo dharau ina njia ya kumpeleka mtu pabaya, kama tutakavyoona.

Makaburi ya Misri yaliibiwa, tena mapema sana. Katika enzi ya Ramses wa Tisa, yapata miaka 1,100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wezi wa makaburi walishtakiwa mjini Thebes, na karatasi za mafunjo zilizoandikwa maungamo yao, waliyoyatoa chini ya bakora, zipo hata leo. Hawakuwa wageni waliotoka mbali. Miongoni mwao walikuwamo wachongaji wa mawe, watu wa kazi hiyo hiyo, waliojua kila ukuta unene wake. Hata Djoser katika sardabu yake hakusalimika. Macho yake, ambayo bila shaka yaling'aa kama ya Sheikh al-Balad, yalichokolewa. Mtu atazamaye uso wake leo huona mashimo mawili.

Sasa turejee pwani yetu. Msomaji akitoka Tanga kwa njia ya kaskazini, akavuka mpaka Horohoro, akaendelea hata Mombasa, kisha Kilifi na Malindi, atakuwa amepita nchi ya Mijikenda, yaani miji tisa, makabila tisa yenye asili moja. Wadigo, ndugu zetu walioko pande zote mbili za mpaka, na ambao wengi wao ni Waislamu, ni mmoja wa miji hiyo. Wagiriama ni mwingine. Na kwa Wagiriama, pamoja na baadhi ya jamaa zao, kuna sanamu za wafu ambazo si habari ya kale. Huitwa vigango.

Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, kimo cha mtu na pengine zaidi, kichwa cha mviringo, kiwiliwili bapa kisicho na mikono, kimejaa nakshi za pembetatu ndogo ndogo. Huchongwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali. Mtu wa kawaida huwekewa kijiti kidogo tu. Mara nyingi kigango hakisimamishwi siku ya mazishi, wala si lazima kiwe juu ya kaburi. Hukaa mjini kwao, karibu na watu wake. Hupita miaka. Kisha mtu wa nyumba humwota marehemu analalamika, au maradhi huingia, au mvua hukosekana, na wenye kujua husema kwamba koma wa mzee fulani ataka mahali pake. Hapo ndipo fundi huitwa. Kigango kikisha simama hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na marehemu huambiwa habari za nyumbani kwake.

Msomaji ataona jinsi haya yanavyofanana na ya Misri: marehemu ahitaji mahali, ahitaji kukumbukwa, ahitaji kupewa chochote cha kinywa. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mmisri alimficha mtu wake katika jiwe na giza ili adumu milele. Mgiriama humsimamisha nje, juani na mvuani. Watu wakihama mji, kigango hakihamishwi. Huachwa pale pale, na marehemu hupewa kibao kidogo kule waendako. Kile cha kwanza hukaa peke yake msituni mpaka kiishe chenyewe. Hakikukusudiwa kuokolewa. Jambo hili ni la kushika, kwa kuwa wale waliovichukua walidai kwamba walikuwa wakiviokoa.

Maana vimechukuliwa. Tangu miaka ya 1970, wenye maduka ya vinyago walipogundua kwamba matajiri wa Marekani hupenda kusimamisha vigango sebuleni, vilianza kung'olewa usiku. Ving'olewavyo vilipita mikononi mwa wachuuzi wa Mombasa na miji mingine, vikapanda merikebu na ndege. Aliyeng'oa alipata kidogo. Aliyeuza ng'ambo alipata maelfu ya dola. Na waliong'oa, kama wale wachongaji wa Thebes, mara nyingi walikuwa vijana wa papo hapo waliojua njia. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Monica Udvardy na Linda Giles, walipofuatilia, walivihesabu karibu vigango 300 katika makumbusho 19 ya nchi yao, mbali na vile vilivyokuwa majumbani mwa watu.

Habari iliyoanzisha uchunguzi huo yafaa ielezwe. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda amesimama kando ya vigango viwili, vya ndugu zake wawili waliokufa. Aliporudi kumpa picha, vigango vilikuwa vimekwisha ibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mzee alikufa hajaviona. Miaka mingi baadaye kimojawapo kilitambuliwa, kwa ile picha, kuwa kimo katika mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kilikuwa Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, na mwezi wa Juni 2007 jamaa wa mzee walikusanyika kijijini kwao kukipokea kilichotangulia. Muda wote wa katikati walikuwa wakihesabu misiba yao, wakisema imetokana na wizi ule. Baadaye wengine nao wakarudisha: jumba la makumbusho la Denver lilivituma Kenya vigango 30 mwaka 2019.

Tulipowasimulia vijana fulani habari hizi, mmoja wao, tena mcha Mungu, alisema: "Lakini kuna kosa gani kung'oa kitu cha shirki? Si bora kiondoke?"

Hatukupendezwa, na twataka kueleza sababu yake. Kwamba tembo likimwagwa chini ya ubao halimfai marehemu, sisi na kijana yule twakubaliana. Lakini kigango kina mwenyewe. Kimegharimu mbuzi, nafaka na ujira wa fundi. Kimesimama katika kiwanja cha watu, kwa jina la baba yao. Aliyekijia usiku hakwenda kuwahubiria. Alikwenda kukitia ndani ya gunia. Na yule tajiri wa ng'ambo aliyekitamani kwa uzuri wake, na kijana wetu anayekidharau kwa dini yake, hawajuani na hawafanani. Lakini wote wawili wamemfungulia mlango mwizi mmoja. Wanachuoni wametusimulia kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Hakuifuata dini ya maiti yule. Aliyaheshimu mauti yake.

Waislamu waliingia Misri katika zama za Sayyidna Umar, yapata mwaka wa 20 wa Hijra. Piramidi walizikuta, na piramidi zipo. Tusifiche kwamba karne nyingi baadaye mawe yake ya juu yalibanduliwa yakajengewa Kairo. Basi si kila aliyeitwa Mwislamu alilinda, na tuliposikia yule kijana akisema vile tulikumbuka pia jambo letu wenyewe, la hapa hapa Tanga.

Yapata kilomita 17 kusini ya mji, katika njia ya Pangani, pana Tongoni. Zamani nchi hiyo iliitwa Mtangata. Ni pwani ile ambayo mbele yake merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba mwaka 1498. Naye mwaka uliofuata, akirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wachache, aliichoma moto huko huko. Wenyeji wa Mtangata walikuwa Waislamu, wenye msikiti wa mawe na biashara ya ng'ambo. Msikiti wao ungalipo, bila ya paa, na kando yake makaburi yapata arobaini. Mengi yao yana nguzo za mawe zilizosimama kichwani pa kaburi, na hapana mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki palipo na nguzo nyingi za namna hiyo pamoja. Nguzo kama hizo ziko Kaole, Malindi, Mambrui, na Gedi, ambako kaburi moja limeandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399.

Nguzo si sanamu. Haina uso, wala haina mikono. Wanachuoni wengi wasingezipenda hata hivyo, maana kaburi la Mwislamu latakiwa liwe la unyenyekevu, nasi hatutazitetea kwa hilo. Lakini waliozijenga walikuwa wazee wetu, wenye kusali kibla chetu, na jambo walilolitaka si gumu kulifahamu: apitaye baharini aone kwamba hapa amelala mtu. Kama wale Wamisri, walitia katika nguzo kitu kiangazacho. Walipachika mabakuli ya kaure kutoka Uchina na Uajemi, yakiwa yameelekea nje, ya kijani na ya samawati, yakipokea jua.

Tongoni hakuna hata bakuli moja lililobaki. Nguzo nyingi zimeanguka, mizizi imezipasua. Idara ya Mambo ya Kale huzilinda zilizobaki, kwa sheria ya mwaka 1964. Mabakuli hayakuanguka kwa mizizi. Yalichokolewa na mikono ya watu, moja moja, kwa miaka mingi, na mchukuaji hakuhitaji kisingizio cha shirki, maana hapakuwa na shirki. Alihitaji bakuli.

Baada ya siku ile ya Raskazone tulimchukua yule mjukuu wetu, pamoja na dada yake, tukaenda nao Tongoni siku ya Jumapili asubuhi. Tulimweleza njiani habari za Djoser na za vigango, kama tulivyozieleza hapa. Alipofika hakusema mengi. Alizunguka nguzo moja iliyosimama bado, akaliona tundu la mviringo, safi kama lililokatwa kwa kisu, akatia mkono ndani yake. Dada yake akamwuliza kama mna kitu. Akasema, "Hamna. Ni kama jicho." Tukawaambia wakae pembeni, tukasoma Fatiha kwa ajili ya waliolala pale, ambao majina yao hatuyajui, kisha tukarudi barabarani kungoja basi.